Kambi Kando ya Serengeti

1. Kazi na mapumziko

Watoto wapendwa, kila mtu afanyaye kazi ahitaji kupumzika. Mkulima aliyelima tangu mvua za kwanza, mama aliyetwanga na kuteka maji mwaka mzima, mwanafunzi aliyeandika hesabu mpaka vidole vikamuuma, wote wahitaji siku chache za kuutuliza mwili na kuufurahisha moyo. Lakini kupumzika si kulala tu, wala si kukaa barazani na kusengenya watu. Iko njia nyingine iliyo njema. Jamaa nzima, wakubwa kwa wadogo, huondoka nyumbani, hupiga hema mahali pazuri, hupika chakula chao penye hewa safi, huitazama nchi na viumbe vyake, kisha hurudi nyumbani wakiwa na nguvu mpya.

Katika nchi nyingi za Ulaya, kama Ufaransa, jamaa nyingi hufanya hivyo wakati wa likizo ya kiangazi. Nasi watu wa Simiyu tunayo nchi ifaayo sana kwa jambo hilo. Wageni huvuka bahari ili waje kuitazama, na sisi twaweza kuifikia kabla ya jua la adhuhuri. Hata hivyo wako watoto wengi kwetu ambao hawajapata kuiona.

Katika somo hili tutajifunza jinsi jamaa iwezavyo kwenda kambini na kurudi salama. Neno kubwa la kukumbuka ni hili: aendaye porini ni mgeni, na mgeni mwema huzishika desturi za mwenyeji wake.

2. Nchi yetu na majirani zake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake za kwanza ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Jina la mkoa latokana na Mto Simiyu, ambao humimina maji yake katika Ziwa Victoria. Msafiri Henry Stanley alipopita katika nchi hizi mwaka 1875, aliandika habari za mto huu, akauhesabu kuwa miongoni mwa vyanzo vya mbali vya Mto Nile kwa upande wa kusini.

Sasa itazameni ramani. Upande wa magharibi liko ziwa, ambalo Wasukuma huliita Nyanza. Mwingereza John Speke alilifikia mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa wakivua samaki humo tangu kale. Sehemu ya ziwa iliyo karibu na Busega yaitwa hata leo Ghuba ya Speke. Upana wa ziwa lote wapita kilometa za mraba 68,000, na katika maziwa yote ya maji matamu duniani ni moja tu lililo pana kuliko hili.

Upande wa kaskazini na mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Iliwekwa mwaka 1951, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 14,763. Mwaka 1981 iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mkono wake wa magharibi wanyoka mpaka karibu na ziwa, na huko ndiko liliko lango liitwalo Ndabaka, si mbali na mji mdogo wa Lamadi. Kusini-magharibi mwa hifadhi liko Pori la Akiba la Maswa, lililowekwa mwaka 1962. Hifadhi hii haina ukuta wala ua. Mnyama hajui mpaka wa hifadhi ulipo, na jambo hilo tutalizungumza tena baadaye.

3. Kujitayarisha

Tuseme iko jamaa moja ya Bariadi iliyokusudia kwenda kambini kwa siku tatu. Ndani yake wamo baba, mama, binti wa darasa la sita, kaka yake wa darasa la nne, mdogo wao asiyeanza shule, na bibi yao mzaa baba, aishiye katika kijiji kilicho karibu na mpaka wa hifadhi. Tuwafuate tuone walivyofanya.

Kwanza walichagua wakati. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani hugeuka kuwa tope linatalo, na magari hukwama. Kwa hiyo walichagua mwezi wa Juni, wakati shule zimefungwa na njia zimekauka. Tena, kwa kawaida, kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu hupita katika mkono wa magharibi wa hifadhi.

Pili waliuliza. Baba alipiga simu langoni akauliza habari za ada na kanuni, kwa maana ada ya raia si sawa na ya mgeni atokaye nchi nyingine, tena yaweza kubadilika. Kwa kuwa hawakuwa na gari, walipatana na jamaa nyingine mbili kukodi gari moja kwa siku moja tu ya kuingia hifadhini. Usiku walikusudia kulala nje ya lango, katika kambi iliyo na choo na mlinzi.

Tatu waliandika orodha ya vitu. Binti ndiye aliyeishika kalamu. Aliandika: hema mbili, mikeka na mablanketi, vyandarua, tochi, kiberiti katika chupa kavu, sufuria, madumu ya maji, sabuni, kisanduku cha dawa, jembe dogo, na mfuko wa kurudishia takataka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imekatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi walichukua mfuko wa nguo.

Bibi alicheka alipowaona wakihangaika kwa habari ya chakula. Akasema, "Wajukuu zangu, babu zenu walisafiri siku nyingi bila kubeba duka zima." Kisha akatoa mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Chakula hiki hakiozi upesi, ni chepesi kubeba, na kikichemshwa pamoja na karanga hushibisha sana. Alitoa pia matobolwa, ambayo ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Haya huliwa hata bila moto.

Mwisho walichagua mavazi. Kaka alitaka kuvaa shati lake la buluu, lakini mama alimkataza. Mbung'o, inzi auumaye watu na wanyama na awezaye kuleta malale, huvutwa sana na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwanasa mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo wote walivaa nguo za rangi ya udongo, zenye mikono mirefu.

4. Kando ya ziwa

Walipanda basi alfajiri. Kutoka Bariadi mpaka Lamadi ni karibu kilometa 70 kwa barabara ya lami. Njiani waliona mashamba ya pamba, ng'ombe wakienda malishoni, na vilima vya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu ameyapanga. Walipofika Lamadi waliwasalimu wazee waliokaa kivulini, "Mwangaluka!" nao wakaitikiwa kwa furaha. Hilo nalo ni jambo la mgeni mwema: husalimu kabla ya kuuliza njia.

Walipokwisha kupiga hema, watoto walitaka kwenda kuogelea ziwani, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Baba aliwaketisha kwanza, akawaeleza habari tatu. Nanyi wasomaji, zisikilizeni vizuri, maana watoto wengi wamepata madhara kwa kutozijua.

Habari ya kwanza ni ya kichocho. Mgonjwa wa kichocho ajisaidiapo majini au karibu na maji, mayai ya minyoo hutoka pamoja na uchafu wake. Mayai yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono wadogo waishio penye majani na maji yaliyotulia. Hukua humo, kisha hutoka kwa wingi na kuogelea. Mtu akitia mguu majini, hupenya ngozi yake bila yeye kusikia maumivu makubwa. Baadaye mtu huyo huumwa tumbo, huona damu katika choo au mkojo, na nguvu zake hupungua. Dawa ipo hospitalini, lakini aliyepona akirudi katika maji yale aweza kuugua tena. Basi tutumie choo siku zote, tusioge penye majani ya ziwani, na maji ya kuoga tuyachemshe, au tuyaweke chomboni siku mbili kamili, ili vijidudu hivyo vife.

Habari ya pili ni ya mamba. Mamba hukaa kimya chini ya maji karibu na mahali watu au wanyama wajiapo kila siku. Hana haraka. Kwa hiyo tusichote maji mahali pamoja kila siku kwa saa ile ile, wala tusiiname ukingoni penye maji ya kina.

Habari ya tatu ni ya kiboko. Mchana hukaa majini, na usiku hutoka kwenda kula majani. Ni mzito, lakini hukimbia kuliko mtu. Akiona mtu amesimama kati yake na maji, hudhani njia yake imezibwa, naye hushambulia. Basi giza likiingia, mtoto asionekane ukingoni mwa ziwa.

Watoto walisikitika kidogo, lakini hawakukosa furaha. Waliketi juu ya mwamba mrefu pamoja na baba, wakawatazama wavuvi wakitengeneza nyavu zao. Walimwona furukombe, ndege mkubwa mwenye kichwa cheupe, akishuka kama jiwe na kunyakua samaki kwa kucha zake. Kaka alihesabu mara alizoshuka: mara tano alikosa, mara ya sita akapata. Bibi akasema, "Mmeona? Hata mwenye kucha hupata kwa kurudia."

5. Kambi wakati wa usiku

Hema zao walizipiga mahali palipoinuka kidogo, penye udongo mgumu, mbali na njia ya wanyama na mbali na miti yenye matawi makavu. Kabla ya kuwasha moto, baba na kaka walifyeka majani pande zote za mafiga kwa hatua tatu, wakaweka karibu ndoo ya maji na chungu ya mchanga. Mwezi wa Juni majani huwa makavu, na cheche moja yaweza kuteketeza malisho ya kijiji kizima. Wasukuma wajua thamani ya malisho. Ndiyo maana tangu zamani hutenga ngitili, yaani eneo la majani lililofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Mgeni akiuchoma uwanja kama huo, amewanyang'anya wenyeji maziwa na nyama zao.

Baada ya kula, mama aliosha vyombo vyote na kuvifungia pamoja na chakula katika sanduku, nje ya hema. Fisi husikia harufu kutoka mbali, na mtu alalaye na nyama hemani amemwita fisi mwenyewe. Viatu waliviweka ndani, na asubuhi walivikung'uta, kwa sababu nge hupenda kujificha mahali penye giza. Aliyetaka kwenda choo usiku hakwenda peke yake wala bila tochi.

Kisha walizunguka moto wakategeana vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mdogo wao akapiga kelele, "Yai!" hata wote wakacheka. Bibi na kaka walichimba vishimo ardhini wakacheza isolo, ambao ni mchezo wa bao wa Wasukuma, na bibi alishinda mara tatu mfululizo.

Moto ulipopungua, baba aliwaonyesha nyota. Upande wa kusini aliwaonyesha nyota nne zifanyazo mfano wa msalaba. Akasema, "Upimeni msalaba huo kutoka juu hata chini. Urefusheni mstari huo kuelekea chini, mara nne na nusu ya kipimo chenu. Hapo ndipo kusini kulipo. Mtu aliyepotea njia usiku akiujua Msalaba wa Kusini hupata dira." Bibi akaongeza, "Nanyi mtakaoamka kabla ya alfajiri, tazameni mashariki mkione Kilimia, zile nyota ndogo zilizokusanyika kama vifaranga. Wazee walizitumia kujua majira ya kulima." Usiku walisikia fisi akilia mbali, na kiboko akiguna ziwani. Mdogo aliogopa, akajisogeza kwa mama yake. Lakini hema ilikuwa imefungwa vema, mlinzi alikuwa macho, na wote walilala salama.

6. Ndani ya hifadhi

Asubuhi ya pili gari lilikuja, nao wakaingia kwa lango la Ndabaka pamoja na kijana mwongozaji. Huyu aliwaambia kanuni kabla ya jambo lolote: msishuke garini ila mahali palipoagizwa, msipige kelele, msiwape wanyama chakula, msichukue kitu, hata unyoya au jiwe, msitupe kitu, na gari lisitoke katika njia yake. Kisha akaeleza sababu. Nyani aliyezoea kupewa mkate hujifunza kunyang'anya, na mwisho wake hudhuru mtoto. Gari likiiacha njia hukanyaga majani na kuvunja viota vya ndege watagao chini.

Waliona mambo mengi. Waliona twiga, pundamilia, na nyumbu wasiohesabika. Mwongozaji alisema kwamba nyumbu wa Serengeti wapita milioni moja, nao huifuata mvua mwaka mzima. Katika Januari mpaka Machi huzaa katika nyika za kusini, na ndama huweza kusimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Nyika zikikauka, huja magharibi na kaskazini, wakivuka Mto Grumeti wenye mamba wakubwa, kisha Mto Mara. Mvua zinyeshapo tena, hurudi kusini. Hakuna awaongozaye kwa fimbo.

Juu ya mawe waliona pimbi, mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu. Watoto walistaajabu walipoambiwa kwamba, kwa habari ya nasaba, pimbi ni jamaa wa karibu wa tembo. Katika mti mmoja waliona kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vya rangi ya machungwa. Makao ya asili ya ndege hawa ni hasa nchi iliyo kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria. Watu wa mbali huwafuga katika vizimba. Watoto wa Simiyu waweza kuwaona wakiruka huru.

7. Swali la bibi

Karibu na adhuhuri walikuta tembo sita kando ya kijito. Gari lilisimama mbali, mashine ikazimwa. Watu wote walifurahi isipokuwa bibi, ambaye uso wake ulikunjamana. Mjukuu wake akamwuliza, "Bibi, huwapendi?"

Bibi akajibu, "Mjukuu wangu, wewe wawaona mchana, ukiwa ndani ya gari. Mimi nimewaona usiku, katika shamba langu la mtama. Tulipiga madebe mpaka mikono ikachoka, na asubuhi nilikuta mabua tu. Leo tumetoa fedha kuja kumtazama aliyekula chakula chetu. Huyu kijana na anieleze maana yake."

Garini kukawa kimya. Mwongozaji hakucheka wala hakukasirika. Akasema, "Bibi, umesema kweli. Hasara ya mkulima ni hasara, wala haigeuki kuwa faida kwa maneno. Tembo mmoja mkubwa aweza kula hata kilo 150 za majani kwa siku. Akiingia shambani, hamwachii mtu kitu."

"Basi serikali yasemaje?" akauliza bibi.

"Sheria imeweka malipo madogo, yaitwayo kifuta jasho, kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au jamaa ya aliyeuawa. Yafaa kutoa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji na kwa askari wa wanyamapori."

"Kifuta jasho hakijazi ghala," alisema bibi.

"Ni kweli, hakijazi. Kwa hiyo watu wamejifunza njia nyingine za kuyalinda mashamba. Tembo huogopa nyuki. Wako waliotundika mizinga katika waya kuzunguka shamba, wakapata ulinzi na asali pia. Wengine hupaka kamba pilipili iliyochanganywa na oili chafu. Na huko Meatu vijiji vimetenga ardhi katika eneo la Makao, vikaungana kuwatunza wanyama, ili fungu la fedha zitokazo kwa wageni lirudi vijijini. Jambo moja tu nawasihi: mtu asimfuate tembo gizani kwa mkuki au kwa tochi peke yake. Mtama hupandwa tena, mtu hapandwi."

Wakati huo tembo jike mmoja alikuwa akipanda ukingo wa kijito, na mtoto wake alishindwa kupanda. Aliteleza mara ya kwanza, akateleza mara ya pili. Mama yake aligeuka, akashuka tena, akamsukuma kwa mkonga kutoka nyuma mpaka akafika juu. Binti akauliza, "Humbeba tumboni muda gani?" Mwongozaji akajibu, "Karibu miezi 22."

Bibi alitazama kitambo. Kisha akasema, "Naye ni mama." Akanyamaza tena, akaongeza, "Lakini mwaka huu nitatundika mizinga."

Watoto, lifikirini neno la bibi. Hakumchukia tena mnyama, wala hakulisahau shamba lake. Mungu aliyewaumba wanadamu ndiye aliyewaumba na tembo, naye ametupa sisi akili ili tutafute njia ya wote wawili kuishi. Asemaye kwamba tembo wote wauawe, na asemaye kwamba mkulima anyamaze, wote wawili hawajafikiri vya kutosha.

8. Kuvunja kambi

Siku ya tatu walivunja kambi. Moto waliuzima kwa maji, wakakoroga majivu, wakamwagia tena, hata baba akaweza kuyashika kwa mkono bila kuungua. Takataka zote walizitia katika mfuko wa nguo wakaondoka nazo. Kaka na binti walizunguka uwanja wote wakiokota hata vipande vya kamba na maganda ya karanga. Walipokwisha, palionekana majani yaliyolala kidogo tu mahali hema zilipokuwa, na hayo huinuka yenyewe baada ya siku chache.

9. Kwa wale wasioweza kwenda mbali

Labda wewe usomaye wasema, "Kwetu hakuna fedha za gari wala ada." Usihuzunike. Mambo mengi uliyojifunza hapa yaweza kufanywa karibu na nyumbani kwa siku moja. Waombe wazazi wako au mwalimu wako mwende pamoja kwenye kilima cha mawe kilicho karibu, mkiwa na michembe na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Waulizeni kwanza wenye eneo hilo. Hesabuni aina za ndege kwa saa moja. Tafuteni nyayo katika mchanga wa mto uliokauka, mjue ni za mnyama gani na alielekea wapi. Mwulizeni mzee mmoja majina ya miti kumi kwa Kisukuma, na kazi ya kila mti. Jioni tafuteni Msalaba wa Kusini. Asiyeijua miti ya kijijini kwake, hata akipelekwa Serengeti ataona majani tu. Lakini aliyezoea kutazama, kila aendako hupata cha kujifunza.

Maswali

1. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka gani, na kabla ya hapo sehemu yake kubwa ilikuwa katika mkoa upi?
2. Kwa nini jamaa hii ilichagua mwezi wa Juni?
3. Eleza tofauti ya michembe na matobolwa. Kwa nini vyafaa kwa safari?
4. Eleza kwa utaratibu jinsi kichocho kitokavyo kwa mgonjwa hata kumfikia mtu mwingine. Ni mahali gani katika njia hiyo twaweza kukizuia?
5. Kwa nini haifai kuvaa nguo za buluu au nyeusi penye mbung'o?
6. Ngitili ni nini? Moto wa kambi waweza kuidhuru namna gani?
7. Nyumbu huelekea wapi katika majira mbalimbali ya mwaka, na kwa sababu gani?
8. Bibi alikuwa na haki kukasirika? Toa sababu zako.
9. Taja njia mbili za kuwazuia tembo wasiingie shambani.
10. Eleza maana ya maneno haya: "Mtama hupandwa tena, mtu hapandwi."

Zoezi: Andika orodha ya vitu ambavyo jamaa yako ingechukua kwa kambi ya siku mbili, na kando ya kila kitu andika sababu ya kukichukua.